Binti yangu ni namba 46 kwenye orodha ya shule ya magneti: je, kura ilikuwa ya haki?

*"Sisi ni familia ya Kikongo. Tulipitia kambi ya Nyarugusu na huu ni mwaka wetu wa sita hapa Louisville, Kentucky. Binti yangu yuko darasa la nane na alama zake ni nzuri, hasa hesabu na sayansi. Mwezi wa kumi na moja tuliomba shule mbili za sekondari za magneti, yaani shule za umma zenye programu maalumu. Moja imeandika kwamba hakuchaguliwa. Nyingine, inayochagua kwa bahati nasibu, imemweka namba 46 kwenye orodha ya kusubiri. Mtoto wa jirani, ambaye binti yangu humfundisha hesabu sebuleni kwetu, ameitwa shule hiyo hiyo. Kanisani wananiambia mambo matatu: kwamba bahati nasibu ni danganya toto na majina hupangwa mapema, kwamba nilikosea kuandika kwanza shule tunayoipenda badala ya ile iliyo rahisi kupata, na kwamba hata angeitwa ningeshindwa kumpeleka, kwa kuwa basi limeondolewa. Kwetu mtoto hufanya mtihani, akifaulu anakwenda, akishindwa anabaki, na kila mtu anaelewa. Hapa sielewi. Nina mwingine darasa la nne, naye zamu yake ya kuomba shule ya kati, ya darasa la sita hadi la nane, inakaribia. Utaratibu huu una haki? Nifanye nini?"*

Mama, umeniletea maswali kadhaa katika kitambaa kimoja, na fundo linalouma zaidi nadhani ni lile la mtoto wa jirani: aliyefundisha ameachwa, aliyefundishwa ameitwa. Nianze hapo hapo, kwa maana fundo hilo lisipofunguka, mengine yote yataonekana kuwa ujanja wa watu. Kura haikumpima binti yako. Haikuziona alama zake za hesabu, haikujua kwamba humfundisha mwenzake, wala haikusema kwamba mwenzake ni bora kuliko yeye. Ilichota majina tu. Mwambie hivyo leo, kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu mtoto wa umri wake akipokea barua inayosema "hukuchaguliwa" huisoma "hufai", na hakuna mtu wa ofisi ya wilaya ya shule atakayempigia simu kumsahihisha.

Barua zako mbili huenda zinafanana karatasi na nembo, lakini zimetoka kwenye milango tofauti. Shule ya kwanza huchagua kwa vigezo: hutazama alama za darasani, matokeo ya vipimo na maandishi ya mtoto mwenyewe, na katika programu za sanaa humwita mtoto aimbe, apige ala au aonyeshe michoro yake. Hapo binti yako alilinganishwa na wengine, na una haki ya kuuliza alilinganishwaje. Shule ya pili haikulinganisha mtu na mtu. Waombaji waliotimiza masharti waliingizwa wote kwenye kura. Wazazi wengi ninaokaa nao mezani huichanganya milango hii. Huenda kumlalamikia mwalimu mkuu wa shule ya kura kwamba alama za mtoto hazikuhesabiwa, naye hukosa la kuwajibu, kwa sababu ni kweli hazikuhesabiwa, na ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwa nini ikusudiwe hivyo? Jibu limo ndani ya jina. Magneti ni sumaku. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kinyume cha katiba, lakini shule ziliendelea kutengana kwa sababu mitaa yenyewe ilikuwa imetengana. Njia moja ya kulitatua hilo ilikuwa amri: watoto wapandishwe mabasi wapelekwe upande wa pili wa mji. Njia nyingine ilikuwa mvuto: weka katika shule ya mtaa uliosahauliwa kitu kisichopatikana kwingine, kama vile maabara nzuri, muziki au lugha za kigeni, na wazazi wa mbali watawaleta watoto wao kwa hiari yao. Shule ya msingi ya McCarver mjini Tacoma, katika jimbo la Washington, ilianza hivyo mwaka 1968, na kwa kawaida hutajwa kuwa ya kwanza. Kwa hiyo shule hizi hazikuzaliwa ili kuwakusanya wenye akili nyingi mahali pamoja, kama zilivyo shule za vipaji maalumu kule Tanzania, kama vile Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala. Zilizaliwa ili kuchanganya watoto. Baadaye baadhi yake zikapata sifa, wenye nafasi zao wakazikimbilia, na hapo ndipo swali la nani aingie lilipogeuka kuwa ugomvi.

Mji wako ni mmoja wa miji iliyougombania ugomvi huo hadi mwisho. Mabasi ya amri ya mahakama yalianza Louisville mwaka 1975, na mitaani kulikuwa na fujo. Baadaye wilaya ya shule ya Jefferson, ambayo ndiyo ya Louisville, ilipanga kwamba idadi ya watoto weusi katika kila shule isipungue asilimia 15 wala kuzidi asilimia 50. Yaliyotokea katika sekondari ya Central ni kisa ambacho ningependa kila mzazi akijue. Hiyo ni shule yenye historia ndefu ya watu weusi wa mji huo, ina programu ya magneti, na watoto weusi walikuwa wakikataliwa kwa sababu kiwango chao kilikuwa kimejaa. Waliokwenda mahakamani ni wazazi weusi wenyewe. Mwaka 2000 jaji wa shirikisho aliwapa haki, akaamuru kwamba rangi isitumike kuchagua watoto wa magneti ya Central. Miaka 7 baadaye, katika kesi nyingine kutoka wilaya hiyo hiyo iliyounganishwa na ya Seattle, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba wilaya isimpangie mtoto shule kwa kutazama rangi yake. Tangu hapo wilaya zinazotaka kuchanganya watoto hutazama mtaa anakotoka mtoto, kipato cha familia zinazoishi pale na elimu ya watu wazima wa pale. Chicago, kwa mfano, imezigawa sehemu zote za mji katika madaraja 4 ya hali ya maisha, na katika sekondari zake za kuchagua asilimia 30 ya nafasi hutolewa kwa alama tupu, halafu asilimia 70 hugawanywa sawasawa kwa madaraja hayo.

Sasa kura yenyewe. Tafsiri tuliyoizoea, "bahati nasibu", inaharibu mengi, kwa sababu masikioni mwetu ni jina la kamari, na mama wa Kipentekoste au wa Kiislamu anaposikia kwamba shule inamchezea mtoto wake bahati nasibu, moyo hukataa kabla ya akili kuuliza. Mimi huwaambia wazazi wafikirie upatu. Wanawake 12 wanaanza mchezo, na kila mmoja angependa kupokea mwezi wa kwanza. Kama mweka hazina atapanga mwenyewe, marafiki zake watatangulia. Kama watapangwa kwa shida walizo nazo, kila mmoja atakuja na shida kubwa kuliko ya jirani yake. Kwa hiyo karatasi 12 hukunjwa, hutiwa kwenye bakuli, na mtoto mdogo huitwa achote. Aliyepata mwezi wa kumi na mbili hukunja uso, lakini hasemi kwamba ameonewa, kwa sababu bakuli lilikuwa mbele ya macho yake.

Bakuli la wilaya halipo mbele ya macho yako. Limo ndani ya kompyuta, nayo maelezo yake yako kwenye ukurasa ambao pengine hukusomewa kwa lugha yako. Ndiyo maana uvumi wa kanisani una mizizi, na ukiuita ujinga unakosea. Kwa miaka mingi uchaguzi wa watoto wa magneti hapo Louisville ulikuwa mikononi mwa shule zenyewe, na shule hizo ziliweza hata kumrudisha mtoto katikati ya masomo kwenye shule ya mtaani kwake, kwa alama au kwa nidhamu. Mwezi wa sita mwaka 2022 bodi ya wilaya ilipitisha mageuzi yaliyoondoa ruhusa hiyo ya kumrudisha mtoto na kuipeleka kura kwenye ofisi kuu. Anayekuambia kwamba majina hupangwa anaweza kuwa anakumbuka yaliyokuwepo. Kumbukumbu yake si ya uongo, ila imepitwa na wakati.

Hata kura safi, hata hivyo, haigawi nafasi zote. Kabla ya bakuli kuna kipaumbele. Katika wilaya nyingi mtoto mwenye kaka au dada shuleni hapo hutangulia, mahali pengine mkazi wa eneo fulani hutangulia, na zinazobaki ndizo zinazoingia kwenye kura. Tuseme shule ina nafasi 120, na 45 zimekwenda kwa wadogo wa wanafunzi waliopo. Wazazi wanaamini wanagombania 120 kumbe wanagombania 75. Ukiwa unatafuta mahali pa kuanzia kuuliza, anzia hapa: nafasi zilikuwa ngapi, kipaumbele kilichukua ngapi, waombaji wa kura walikuwa wangapi, na mwaka jana orodha ya kusubiri ilisogea hadi namba gani. Ofisi inayofanya kazi yake vizuri hukujibu maswali hayo kwa dakika 5. Namba 46 katika shule kubwa, ambako kila kiangazi familia huhama au huchagua shule nyingine, si sawa na namba 46 katika programu yenye darasa moja.

Jambo la pili walilokuambia, kwamba uliharibu kwa kuandika kwanza shule unayoipenda, linahitaji subira, kwa sababu lilikuwa kweli mahali fulani na linaweza kuwa uongo mahali pengine. Mjini Boston, hadi mwaka 2005, kompyuta ilianza kwa kuijaza kila shule na walioiandika ya kwanza. Ukiandika kwanza shule inayogombaniwa na ukaikosa, unapofika kwenye chaguo lako la pili unakuta limejazwa na watu walioliandika la kwanza, na la tatu vivyo hivyo, hadi unaangukia shule ambayo hakuna aliyeitaka. Wazazi waliojua siri hiyo waliandika kwanza shule ya wastani ambayo walikuwa na uhakika nayo. Kulikuwa hata na kikundi cha wazazi kilichokutana kupeana mbinu. Mzazi aliyeandika kwa ukweli wa moyo wake, mara nyingi yule asiye na kikundi wala muda wa vikao, ndiye aliyeumia. Wachumi walipolionyesha hilo, Boston ikabadilisha.

Utaratibu mpya ulitokana na hesabu iliyoandikwa na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na New York ilikuwa imeanza kuutumia kwa sekondari zake muda mfupi kabla. Ndani yake shule haimpi mtu nafasi moja kwa moja. Humshikia kwa muda. Akija mwingine mwenye kipaumbele kikubwa zaidi au namba bora ya kura, aliyeshikiwa huachiliwa aende kwenye chaguo lake linalofuata, na huko hupokelewa kwa namba ile ile aliyo nayo, bila kuadhibiwa kwa kuwa aliliandika la pili. Mzunguko huo hurudiwa hadi hakuna wa kuhamishwa. Uzuri wake ni kwamba kuandika shule kwa mpangilio wa kweli wa moyo wako hakukupunguzii nafasi yoyote, ilimradi orodha ni ndefu ya kutosha. Kwa hiyo kabla hujakubali lawama za wenzako, iulize ofisi inayopangia wanafunzi shule swali moja tu: "Nikikosa shule niliyoiandika ya kwanza, je, kwenye ya pili ninapangwa nyuma ya walioiandika ya kwanza?" Wakijibu hapana, uliandika sawasawa, na mtoto wa darasa la nne atafanya vivyo hivyo. Wakijibu ndiyo, chaguo lake la kwanza lazima lipimwe kwa makini, na hapo wenzako wa kanisani watakuwa na hoja.

Nije kwenye lile ambalo nadhani nalo linakusumbua, yaani mtihani. Mimi pia nililelewa na mtihani. Darasa letu la saba lilikuwa na watoto zaidi ya 80 na vitabu vya hesabu 6, na aliyechaguliwa kwenda shule ya vipaji alikuwa mtoto wa mwalimu. Alistahili kabisa, alikuwa na akili kuliko sisi sote. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na taa ya kandili iliyowashwa kila usiku kwa ajili yake, na kitabu cha 7 kilikuwa kabatini mwa baba yake. Mtihani ulipima akili, ukapima na kandili, na matokeo yalitoka kama namba moja.

Marekani wameligombania hilo hivi karibuni mahali ambapo wazazi wahamiaji walikuwa pande zote mbili. Shule ya sekondari ya Thomas Jefferson, katika kaunti ya Fairfax huko Virginia, ni miongoni mwa shule za umma za sayansi zinazosifika zaidi nchini. Mwaka 2020 bodi iliondoa mtihani wa kuingia na ada yake ya dola 100, ikapandisha kiwango cha alama za darasani kinachohitajika, na ikatenga nafasi kwa asilimia 1.5 ya wanafunzi wa darasa la nane wa kila shule ya kati ya umma. Watoto wa familia zenye kipato kidogo, ambao hawakufikia hata asilimia 1 ya waliochaguliwa mwaka uliotangulia, wakafika asilimia 25. Watoto wenye asili ya Asia wakashuka kutoka asilimia 73 hivi hadi 54 hivi, na baadhi ya wazazi wao wakashtaki, wakisema kwamba lengo lilikuwa kuwapunguza. Mahakama ya rufaa iliikubalia bodi mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo mwezi wa pili mwaka 2024.

Nimesoma hoja za pande zote mbili, na sioni upande wa wabaya. Baba aliyefika Virginia bila kitu, akafanya kazi usiku ili amlipie mtoto masomo ya ziada, anaposikia kwamba mtihani umefutwa huhisi kwamba ngazi imeondolewa mtoto wake akiwa katikati yake. Mama ambaye shule ya kati ya mtaani kwake haijawahi kupeleka mtoto hata mmoja pale huhisi kwamba ngazi hiyo haikuwahi kuufikia ukuta wake. Kila mmoja anasema "haki", na kila mmoja anamaanisha kitu kingine: mmoja anamaanisha anayestahili apate, mwingine anamaanisha kila mtaa upate. Wewe umetua kwenye haki ya tatu, kwamba kila mmoja awe na nafasi sawa, nayo pia ina ubaya wake. Kura humnyima mtoto mwenye bidii kitu cha kushikilia. Hawezi kusema "nitasoma zaidi mwakani", kwa sababu kusoma zaidi hakubadilishi karatasi itakayochotwa. Kwa maoni yangu, kwa shule za umma zinazolipiwa na kodi ya wote, kura baada ya masharti mepesi ni afadhali kuliko mtihani mmoja wa asubuhi moja. Ila siwezi kumwambia binti yako kwamba haimuumizi.

Kinachonikasirisha mimi ni kilicho nje ya bakuli, na wazazi hukizungumzia mara chache sana. Kabla ya kura kuna kuomba, na kabla ya kuomba kuna kujua. Katika kaunti ya Broward huko Florida, mwaka 2005, waliamua kuwapima watoto wote wa darasa la pili kwa ajili ya programu za vipaji, badala ya kusubiri mwalimu au mzazi ampendekeze mtoto. Wachumi David Card na Laura Giuliano waliufuatilia uamuzi huo: idadi ya watoto maskini, weusi na Walatino walioingia kwenye programu ilipanda sana, bila kiwango kushushwa. Watoto hao walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewatazama. Baada ya msukosuko wa uchumi, upimaji wa wote ulisimamishwa ili kupunguza gharama, na idadi ikarudi chini. Ukitaka kuwahoji viongozi wa wilaya yako juu ya haki, waulize ni watoto wangapi wa familia zinazoongea Kiswahili walioomba. Watoto wengi hapo Louisville huongea Kiswahili nyumbani, na takwimu za lugha wilaya inazo.

Halafu, baada ya kura, kuna basi. Hapo Louisville, tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, ratiba mpya ya mabasi ilivurugika na baadhi ya watoto walishushwa nyumbani karibu saa 4 za usiku. Mwezi wa nne mwaka 2024 bodi, kwa kura 4 dhidi ya 3 na kwa sababu ya uhaba wa madereva, iliamua kuondoa mabasi kwa wanafunzi wa shule za magneti na zile zinazoitwa za kijadi. Baadaye yalirudishwa kwa shule chache. Mzazi mmoja mwenye zamu ya alfajiri kiwandani alinionyesha barua ya kuitwa kwa mtoto wake, imebandikwa kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la embe, na chini yake karatasi aliyoandika saa: kuondoka nyumbani, kubadili basi la mji, kufika. Muda wa njiani ulikuwa saa 1 na dakika 20, na mtoto ana miaka 11. Aliirudisha nafasi. Kwenye hesabu za wilaya familia ile itaonekana kuwa ilipewa ikakataa, na nafasi itakwenda kwa mtoto ambaye mama yake ana gari na kazi inayoanza saa 3 asubuhi. Kura iliyochotwa kwa haki imetoa matokeo yale yale ambayo ingeyatoa bila haki. Kwa hiyo hao wanaokuambia habari ya basi wanasema kweli, na kati ya yote uliyoambiwa ndilo lenye uzito mkubwa.

Basi ufanye nini? Usiutupe mwaka huu. Hakikisha namba ya simu na barua pepe vilivyo kwenye faili la binti yako vinafanya kazi. Nafasi za orodha ya kusubiri hutolewa kwa ujumbe wenye muda mfupi wa kujibu, na nimeona nafasi ikipotea kwa sababu familia ilibadilisha laini ya simu mwezi wa tatu na shule ikapiga na kupiga simu bila kupokelewa. Kwa ile shule ya vigezo, uliza kama kuna rufaa, tarehe yake ya mwisho ni ipi, na ni kigezo kipi kilichomwangusha. Ikiwa ni alama za kusoma Kiingereza, uliza kama ilizingatiwa kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi anayejifunza lugha. Rufaa inayosema "mtoto wangu ana akili" haifiki mbali. Inayosema "kipimo hiki cha hesabu hakikuwekwa kwenye faili, na hii hapa nakala yake" husomwa. Uliza pia kama shule ya mtaani kwenu ina madarasa ya hesabu ya juu, na kama wanafunzi wake wanaweza kuchukua masomo ya chuo wakiwa sekondari. Watu huiacha shule hiyo bila kuingia ndani hata siku moja. Nenda siku ya kazi, tazama darasa la hesabu la mwaka wa kwanza, muulize mwalimu wanafika wapi ifikapo mwaka wa nne.

Hapa kuna utafiti mmoja unaonituliza mimi mwenyewe. Mwaka 2014 Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak waliwalinganisha watoto wa Boston na New York waliozipata shule za mitihani kwa alama chache na wale waliozikosa kwa alama chache. Baadaye, matokeo yao ya vipimo yalikaribiana sana. Shule zilikuwa zimewakusanya wenye uwezo, na sehemu kubwa ya sifa yao ilitoka kwa watoto hao wenyewe. Usichukue utafiti huo kama ruhusa ya kutojali. Programu ya muziki au maabara haipatikani kila mahali, na marafiki wazuri nao wana thamani. Lakini binti anayeweza kumfundisha mwenzake hadi akaelewa ana kitu ambacho hakikubaki kwenye ofisi iliyomnyima nafasi.

Kuhusu mdogo wake, kazi inaanza sasa. Wilaya hufungua maombi miezi michache baada ya shule kuanza, kwa hiyo mwezi wa nane omba ratiba, na omba mkalimani wa Kiswahili kwa simu au ana kwa ana. Si hisani: sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 na sheria ya fursa sawa za elimu ya mwaka 1974 zinaibana shule ya umma isimwache mtu nje kwa sababu ya asili yake au kizuizi cha lugha. Usimtumie binti yako kama mkalimani kwenye mazungumzo yanayomhusu yeye au mdogo wake. Mtoto hutafsiri anachoona aibu kukisema kwa nusu, na ofisi hudhani umeelewa. Na kabla ya kuandika shule yoyote kwenye fomu, pandeni siku moja basi la mji hadi mlangoni pake, asubuhi ya siku ya kazi, saa ile ile ambayo mtoto angeondoka.

Kuna mambo ambayo hayafai kumalizwa kwa barua kama hii. Ukikuta kwamba faili la binti yako lina kosa, kwamba alinyimwa kuomba kwa sababu ya Kiingereza chake, au kwamba uliambiwa lete hati za uhamiaji ili aandikishwe, usisubiri. Mahakama ya Juu iliamua tangu mwaka 1982 kwamba shule za umma haziwezi kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya hati hizo. Nenda ana kwa ana kwa mshauri wa wanafunzi, kisha kwa ofisi inayopangia wanafunzi shule, ukiwa na barua zote mbili na mtu mzima anayejua Kiingereza. Pakishindikana, shirika la msaada wa kisheria litakuonyesha namna ya kulalamika kwenye ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu ya shirikisho, ambako malalamiko hupokelewa ndani ya siku 180 tangu jambo lenyewe litokee. Hizo siku zihesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye barua, na uwe tayari kungoja, kwa sababu ofisi 7 kati ya 12 za mikoa za idara hiyo zilifungwa mwaka 2025. Kila unapopiga simu, andika nyuma ya barua ya namba 46 tarehe, saa, na jina la aliyekujibu.